Miti imebaki kijani, nyumba zimekuwa majivu

Wandugu wa kazi, na ninyi bamama munaobaki na watoto mu kambi wakati bwana yuko posti ya usiku, mu Januari 2025 wote tuliona moto wa Los Angeles, kule Marekani, ku televizio ao ku telefone ya jirani. Tulizungumza juu yake ku mulango wa mugodi tukingoja bisi. Wengine walisema: ile ni Mungu anapiga matajiri. Wengine wakasema: kama Marekani na ndege zake zote imeshindwa, sisi na ndoo tutafanya nini? Jibu la kwanza hatulikubali, ju mu Altadena waliounguliwa wengi walikuwa watu wa mushahara tu, walimu na wastaafu waliolipa nyumba miaka makumi. La pili njo tunataka kulijibu leo, sababu kiangazi kimeanza na majani ya pori yanakauka.

Tazameni tena zile picha, lakini polepole. Moto mbili kubwa zilianza tarehe 7 Januari, ule wa Palisades na ule wa Eaton. Zaidi ya majengo 16 000 yaliharibika na watu karibu 30 walikufa. Tangu mwezi wa tano wa mwaka wa mbele yake mvua karibu haikunyesha, na upepo ulivuma kama unataka kungoa dunia. Hayo yote ni kweli. Lakini angalieni: mu mitaa mingi nyumba imekuwa majivu, imebaki paka shimini imesimama, na pembeni yake muti una majani ya kijani. Kama moto ungekuja kama ukuta unaotembea, unakula kila kitu, ule muti ungebakia namna gani?

Moto haukuja kama ukuta. Ulikuja kama mvua ya cheche. Upepo unachukua vipande vya makala na maganda yenye kuwaka, unavirusha mbele, mara ingine kilometre nzima, navyo vinatafuta mahali pa kulala: mufereji wa bati uliojaa majani makavu, tundu la hewa chini ya dari, kiti cha mbao ku baraza, rundo la kuni ku ukuta. Cheche inalala pale nusu saa, inakula polepole. Watu wamekwisha kimbia, hakuna wa kuimwangia maji hata kikombe kimoja. Kisha nyumba inawaka kutoka ndani, na ikiwaka inawasha ile ya jirani. Kule nyumba nyingi ni za mbao chini ya rangi. Sisi ku picha tulizani ni mawe.

Kuna mutafiti wa idara ya misitu ya Marekani, Jack Cohen, aliyefuata jambo hili miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walisimamisha kuta za mbao mu pori ya kaskazini ya Canada, kisha pori ikawashwa mbele yake, moto mukali wa kupanda mpaka juu ya miti. Kuta za metre 10 zingine ziliwaka. Zile za metre 20 na 30 hazikuwaka. Maana yake ni kubwa kwa mutu mwenye makuta kidogo: hauitaji kufyeka pori yote. Kinachoamua ni nyumba yenyewe na zile metre chache zinazoizunguka.

Ndiyo maana kule wanaorekebisha nyumba hawaanzi na vitu vya bei. Wanaanza na hatua mbili za mutu kuzunguka ukuta, kama metre moja na nusu: hapo hapana majani makavu, hapana kuni, hapana uzio wa mbao unaogusa nyumba, ju uzio wa namna ile unapeleka moto mulangoni kama utambi wa baruti. Halafu matundu ya hewa yanafunikwa na wavu wa chuma wenye vijitundu vya milimetre 3. Ya plastiki inayeyuka, haisaidii kitu. Halafu paa: ibadilishwe kama ni ya mbao, na mifereji isafishwe kila wakati. California ilitia mambo ya namna hii mu sheria ya ujenzi tangu 2008, kwa nyumba mpya za sehemu za hatari. Mwaka 2018 mji wa Paradise uliungua, watu 85 wakafa, na gazeti za kule zilihesabu kisha moto: nyumba zilizojengwa nyuma ya ile sheria, karibu nusu zilibaki bila kuguswa, zile za zamani, hazifiki moja mu tano. Si dawa ya kila kitu. Lakini kati ya nusu na moja mu tano kuna watu wengi wanaolala ku kitanda chao.

Sasa tuulize swali la sendika: nani analipa? Kule mutu anaambiwa arekebishe nyumba mwenyewe, na kampuni za asiransi zimeanza kukimbia. Mwaka 2024 State Farm ilitangaza kwamba haitaandika tena mikataba karibu 72 000 mu California, na ndani yake nyumba za Pacific Palisades, ile ile iliyoungua miezi kidogo kisha. Wazima moto nao, hawakuwa wote watu wa mushahara. Zaidi ya 900 walikuwa wafungwa, walilipwa kati ya dola 5,80 na dola 10,24 kwa siku, pamoja na dola moja kwa kila saa ya dharura. Kwa siku, wandugu, si kwa saa. Mu inchi yenye utajiri ule.

Na ule moto wa Paradise, nani aliuwasha? Kampuni ya umeme, PG&E. Mwaka 2020 ilikubali mbele ya tribinali kwamba iliua watu 84 bila kukusudia. Chuma kimoja cha kushikilia waya, chenye karibu miaka 100, kiliisha kwa kusuguliwa mpaka kikakatika siku ya upepo. Faini ilikuwa karibu dola milioni 3,5 na hakuna mukubwa hata mumoja aliyelala gereza. Kila fundi wa matengenezo mu mugodi anajua hadithi hii bila kuisoma. Kipande kimechakaa, umekiandika mu kitabu cha posti, na jibu ni lile lile: mwezi ujao.

Turudi kwetu. Mutu atasema: nyumba zetu ni za matofali, si za mbao, ile haituhusu. Na sisi tulifikiri vile mpaka mwaka jana.

Mwezi wa nane, mutu mumoja alikuwa anasafisha shamba nyuma ya mutaa wetu, mahali kambi inaisha na malupangu ya watu yanaanza. Upepo wa saa saba ukageuka. Moto ulivuka barabara ya vumbi, ile tuliyoamini ni kinga, na nyumba nne ziliungua mbele hatujapata hata maji ya kutosha ndoo ishirini. Hakuna aliyekufa. Kesho yake tulitembea pale pamoja na kamati, na kitu kimoja kilitushangaza. Nyumba ya majani ya muzee mumoja, karibu kabisa na pori, ilisimama, ju yule muzee anafagia kiwanja chake kila asubuhi mpaka udongo unangaa. Ile iliyoshika moto ya kwanza ilikuwa ya matofali na mabati mapya. Chini ya bati, ukutani, kulikuwa magunia ya makala, ya kuuzisha. Cheche moja ilitosha. Kutoka ku magunia moto ulipitia ile nafasi kati ya ukuta na mikunjo ya bati, ukakuta dari ya magunia yaliyoshonwa, na ndani ya dari panya walikuwa wamejaza majani miaka mingi. Tofali haliungui. Lakini mutu haishi mu tofali, anaishi mu vitu vilivyo kati ya matofali.

Mama mwenye ile nyumba ni mujane wa mwenzetu. Alipoteza mashini ya kushona, na alipoteza karatasi zote za kazi za marehemu: mukataba, fishi za malipo, kadi. Mpaka leo dosye yake ya pensheni imekwama, sababu kila ofisi inamuomba karatasi iliyoungua. Kwa hiyo, hata kabla ya kufikiri bati na wavu: chukueni kopi za karatasi, muziweke kwa ndugu anayekaa mutaa mwingine. Bei yake ni chupa moja ya maji.

Yanayobaki hayaombi franga nyingi pia, na mwaka 2025 tulijua franga ziko wapi, wakati serikali ilisimamisha kobalti kutoka inje tarehe 22 Februari. Udongo wa kichuguu uliokandwa unaziba nafasi ya chini ya bati vizuri kuliko simenti iliyobaki kidogo. Acheni matundu mawili ya hewa na muyafunike na wavu wa chuma. Magunia ya makala na bidoni ya esansi ya moto ao ya jenereta vitoke ku ukuta, viende mwisho wa lupangu. Mbabula isimwangwe majivu nyuma ya nyumba wakati bado yana jicho jekundu. Uzio wa majani ukatwe metre mbili mbele ya kugusa nyumba, hata kama jirani atatuchungulia. Na wachimbaji wa mikono wanaolala chini ya mahema ya plastiki karibu na mashimo: kwao hakuna cha kurekebisha. Hema likishika moto linamwangukia mutu likiwa maji ya moto. Wao wanahitaji nafasi kati ya hema na hema, na pori iliyofyekwa kuzunguka.

Juu ya kufyeka kwa moto, tuseme wazi, ju tunabishana kila mwaka. Kule Ndola, ngambo ya mupaka, pori kama yetu ilikatwa vipande na kuchunguzwa tangu 1933: kimoja hakiwashwi kabisa, kimoja kinawashwa mapema, kimoja kinawashwa mwishoni mwa kiangazi. Kile cha mwishoni kiliisha miti yake, kikawa majani marefu, na majani marefu ni chakula cha moto wa mwaka unaofuata. Kile cha mapema kiliendelea kuwa pori. Kwa hiyo mwenye kuwasha Septemba anajitafutia moto mukubwa zaidi. Ukanda wa kinga unafyekwa sasa, Mei na Juni, wakati majani bado yana ubichi na umande, asubuhi, watu wakiwa wengi na maji yakiwa karibu. Mutu mumoja peke yake na kiberiti, hapana.

Kuna vitu ambavyo mama na jembe lake hawawezi. Tanki la maji mwisho wa kambi. Ukanda mupana uliokwanguliwa na tingatinga, ile inayopita kila siku mbele yetu. Mabati na simenti kwa wenye paa ya majani. Kisha moto tuliambiwa kwamba inje ya kambi si kazi ya kampuni. Sisi tunasoma namna ingine. Kodi ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutoa nyumba ao malipo ya nyumba, na malipo yanayotosha kibanda cha majani pembeni ya pori, ile si nyumba. Kodi ya migodi, kama ilivyorekebishwa 2018, inaomba kampuni itenge angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tumeona franga zile zikijenga vibao vyenye majina ya wakubwa. Zinaweza kununua tanki.

Barua yetu ya kwanza ilikwenda mwezi wa tisa mwaka jana. Miezi minane, jibu hakuna. Ya pili imekwisha andikwa, na safari hii hatuiachi ku sekretariati: tutaipeleka mukononi siku ya mukutano wa wadelege na direksio. Yule mama wa mashini ya kushona amesema atakuja naye, na fishi moja ya malipo aliyoiokota mu majivu, ile inayosomeka nusu.