Msamaha Ulioelekea Kinyume

Tarehe 19 Februari 1999, katika Ikulu ya Marekani mjini Washington, Rais Bill Clinton alitia saini waraka wa kumsamehe Henry Ossian Flipper, aliyekuwa luteni katika Kikosi cha 10 cha askari wa farasi. Msamehewa mwenyewe alikuwa kaburini tangu mwaka 1940. Jamaa zake walihudhuria, hotuba zikatolewa, na ikatajwa kwa fahari kwamba huo ndio msamaha wa kwanza wa rais wa nchi ile kupewa marehemu. Tangu siku hiyo kisa cha Flipper husimuliwa kwa tamati njema: alidhulumiwa, akasamehewa, shauri likaisha.

Tamati hiyo haifai kukubaliwa, na wapenzi wa lugha ndio wanaopaswa kuwa wa mwanzo kuikataa. Mtu akikanyagwa mguu gatini, msamaha umo mkononi mwa aliyekanyagwa. Aliyekanyaga ana radhi ya kuomba. Mkosaji akimgeukia mwenziwe na kumwambia, "Nimekusamehe," watu watacheka au watakasirika. Lakini hayo ndiyo yaliyotendeka Washington: dola iliyokosa ilimsamehe mtu iliyemkosea, nayo ikapigiwa makofi.

Kumjua aliyekosewa, hapana budi kuanza na baba yake. Festus Flipper alikuwa fundi wa viatu katika jimbo la Georgia, mtumwa wa Ephraim Ponder. Mkewe Isabella alikuwa na bwana mwengine. Henry, mkubwa wa ndugu watano wa kiume, alizaliwa Thomasville tarehe 21 Machi 1856. Ponder alipoamua kuhamia Atlanta, ilielekea kwamba baba angechukuliwa na mama na mtoto wangebaki nyuma. Festus alikuwa amejiwekea akiba kutokana na ufundi wake. Akampa Ponder fedha hizo ili awanunue mke na mtoto, kwa ahadi ya kurudishiwa atakapoona vyema bwana. Yaani mtumwa alimkopesha bwana wake fedha za kuinunua familia ya mtumwa mwenyewe. Henry alikisimulia kisa hicho katika kitabu alichokichapisha mwaka 1878, naye hakuhitaji kupandisha sauti. Hesabu yenyewe ilitosha.

Baada ya vita na ukombozi, kijana huyo alisoma Atlanta, kisha mwaka 1873 akaingia chuo cha kijeshi cha West Point. Watu weusi walikuwa wamekwisha kuingia kabla yake, lakini hapana aliyekuwa amehitimu. Kwa miaka minne wanafunzi wenziwe weupe walimnyima hata maneno: darasani, mezani na kambini, hakusemeshwa ila kwa shughuli ya lazima. Tarehe 15 Juni 1877 alihitimu akiwa wa 50 kati ya 76, Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa cheo katika chuo hicho.

Kikosi alichopelekwa kilikuwa cha askari weusi waliopanda farasi katika mbuga za magharibi. Huko Fort Sill aliongoza uchimbaji wa mtaro wa kukausha madimbwi yaliyoaminiwa kuleta homa, na mtaro huo umehifadhiwa hadi leo kwa jina lake. Mwaka 1880 alishiriki katika vita dhidi ya Victorio, jemadari wa Waapache. Hapa msifu asifiche jambo: mwana wa mtumwa alipanda farasi kuwapiga watu waliokuwa wakipigania ardhi yao. Heshima ya Flipper haihitaji kufutiwa ukweli huo.

Wala haihitaji kufutiwa kosa lake. Mwaka 1881, katika ngome ya Fort Davis huko Texas, alikuwa akishika bohari ya chakula na fedha zake. Aligundua kwamba fedha alizozihifadhi katika kasha chumbani mwake zimepungua. Badala ya kusema, alinyamaza, akamdanganya mkuu wake, Kanali William Shafter, na akaandika hundi isiyokuwa na fedha nyuma yake. Upungufu ulitajwa kuwa dola 3,791.77. Alikamatwa akatiwa katika mahabusi ya askari. Wafanyabiashara na marafiki wa mji ule wakachanga, na deni likalipwa lote.

Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi. Ilimtia hatiani kwa mwenendo usiomstahili ofisa, yaani kwa uongo wake, ikahukumu afukuzwe jeshini. Mwanasheria mkuu wa jeshi, David Swaim, aliyeipitia hukumu hiyo, alishauri adhabu ipunguzwe. Rais Chester Arthur aliithibitisha kama ilivyo, na tarehe 30 Juni 1882 Flipper akavuliwa sare. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kosa lilikuwapo, lakini mizani ilikuwa ya nani? Mtu aliyenyimwa maneno na wenziwe miaka minne chuoni alihukumiwa kwa sababu hakusema, na waliomhukumu ni maofisa waliolelewa katika desturi ile ile ya kumnyamazia.

Wapo watakaojibu kwamba rais wa 1999 hakuwa na chombo kingine. Bodi ya jeshi ya kusahihisha kumbukumbu, ilipoombwa na jamaa pamoja na mwalimu mmoja wa Georgia, ilikwisha kumpa mwaka 1976 cheti cha kuondoka jeshini kwa heshima, lakini ikasema haina uwezo wa kuitengua hukumu yenyewe. Ukabaki msamaha tu. Jibu hilo lina uzito, nalo linaeleza kwa nini jamaa waliupokea waraka ule; hapana wa kuwalaumu. Lakini ufinyu wa chombo haubadili maana ya neno. Hotuba ya siku ile ilikiri dhulma. Waraka ukaandika msamaha. Atakayezifukua nyaraka hizo miaka 100 ijayo ataukuta waraka, na waraka utamwambia kwamba palikuwa na mkosaji mmoja, naye ni Flipper. Tena miswada ya kumrudishia cheo ilifikishwa Bungeni tangu mwaka 1898, naye yu hai, mwenye nguvu. Ikaachwa ife, mmoja baada ya mwengine.

Yeye hakukaa akililia mlangoni. Alikuwa mhandisi na mpima ardhi mpakani mwa Mexico, akafasiri sheria za ardhi za Kihispania kwa ajili ya serikali ile ile iliyomfukuza, akafanya kazi Washington, kisha Venezuela katika kampuni ya mafuta. Mzee, akarejea Atlanta nyumbani kwa mdogo wake Joseph, askofu wa kanisa la Methodisti la weusi. Hapo ndipo alipofia, akiwa na miaka 84, bila ya mtoto. Alizikwa katika kaburi lisilokuwa na alama, hadi mwaka 1978 mabaki yake yalipohamishiwa Thomasville kwa heshima za kijeshi.

Joseph alipojaza cheti cha kifo, palikuwa na nafasi ya kutaja kazi ya marehemu. Angeweza kuandika mhandisi, na asingekuwa amesema uongo. Aliandika: ofisa mstaafu wa jeshi. Kwa sheria ya siku ile maneno hayo hayakuwa sahihi. Bodi ya jeshi ilichukua miaka 36 kuyafikia, na rais alipokuja na msamaha wake alikuwa yu nyuma zaidi ya hapo.

Hivyo ndivyo nyumba ya Flipper ilivyoishi na taifa lake. Baba alilipia mke na mtoto waliokuwa wake. Mtoto alilipiwa deni, akahukumiwa hata hivyo. Mdogo wake akamrudishia cheo kwa kalamu yake, bila ya kuomba ruhusa. Basi anayetaka kumwadhimisha Henry Flipper, kwa nathari au kwa utenzi, na aanzie kwenye cheti kile kilichoandikwa Atlanta mwaka 1940. Waraka wa 1999 unahitaji neno moja tu kubadilishwa: palipoandikwa msamaha, paandikwe radhi.