Kenya: Mkombero watoka msituni kuingia shambani

Mzizi ambao hapa Uganda huitwa mulondo, wenzetu wa magharibi mwa Kenya huuita mkombero. Pande zote mbili za mpaka hutafunwa na kuuzwa kwa ahadi ile ile ya kuongeza nguvu na hamu ya chakula. Ahadi nyingine wachuuzi hujiongezea wenyewe. Kwa miaka mingi umechimbwa katika msitu wa Kakamega, mabaki nchini Kenya ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Mzizi ukichimbuliwa wote, mmea hufa.

Jibu linalotolewa ni kuupanda. Lakini mwenye ekari moja hawezi kuacha mahindi ili angoje mzizi ambao haunenepi kwa msimu mmoja. Hapo ndipo kilimo mseto kinapopata maana. Mkombero hupanda juu ya miti na hustahimili kivuli, kwa hiyo huweza kukaa mipakani na chini ya miti iliyopo, huku mahindi na maharage yakiendelea kulisha nyumba. Maharage huongeza naitrojeni ardhini, samadi hufanya yaliyobaki. Sumu za viwandani hazina nafasi, kwani mzizi huu hutafunwa mbichi.

Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu huo, kilichagua mmea mwingine: mrehani wenye harufu ya kafuri. Majani yake huvunwa mara kwa mara bila kuua shina, hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo hutengenezewa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tofauti kubwa ni kwamba wakulima wa Muliru hawakuishia kuuza majani tu.

Mkombero haujafika huko. Kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kipo tangu 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, ila ukaguzi una gharama, na mnunuzi wa barabarani haulizi alama. Sokoni mzizi wa shambani na ule wa msituni hufanana. Aliyeupalilia hushindana kwa bei na asiyeupanda kabisa. Kwetu, ambako mulondo tayari hutengenezewa mvinyo, wenye viwanda ndio wanaoweza kudai kujua mzizi umetoka wapi, na kumlipa zaidi aliyeupanda.