Wacheni Kuicheka Redio ya Susu Wangu

Kuna beshte yangu wa Umoja hupenda kusema KBC ifungwe tu, hizo pesa za walipa ushuru ziende kwa kitu ya maana. Ati nani bado anasikiza redio 2025? Kila akisema hivyo meza nzima inacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka, sitawadanganya. Halafu Agosti nikaenda ushago, Nuu, na simu yangu ikageuka tochi.

Kama hupajui Nuu: unafika Mwingi, unaacha barabara kuu ya Garissa, unaingia ndani na vumbi lako mpaka uone kilima. Kwa susu wangu mtandao unashikwa ukipanda jiwe fulani nyuma ya zizi, na hata hapo ni bahati yako. Bando nilikuwa nayo ya kutosha. Haikunisaidia kitu. Kwa hivyo siku moja nzima, kutoka alfajiri hadi usiku, nilisikiza chenye susu anasikiza.

Habari za asubuhi husikizwa kwa kimya. Ukiongea unaangaliwa vibaya. Nikauliza kwa nini hawezi kungoja nimsomee baadaye kwa simu. Susu akacheka hadi akaweka kikombe chini.

Lakini ni saa saba mchana ndiyo ilinimaliza. Jirani mmoja mzee, redio yake ilikufa, alikuja akakaa kwa ndoo mlangoni. Mama mwingine akapitia na mtoto mgongoni. Habari zikasomwa, kikafuata kipindi cha mazungumzo, na hawa watu walibishana na ile redio kama iko hai. Mgeni akisema bei ya mbolea imeshuka, mzee anamuuliza, "Imeshuka wapi?" Akisema maji, mama anasonya. Halafu mtangazaji akaomba wasikilizaji wapige simu, na hapo ndipo nilitulia. Mzee alikuwa na swali. Swali poa kuliko yote nimewahi kusikia kwa meza yetu ya Umoja. Salio hakuwa nayo. Nikampa simu yangu, tukapanda lile jiwe, tukajaribu mara nne. Tulipopata laini, kipindi kimeisha.

Sa niambie, ukifunga hiyo redio, huyu mzee atahamia TikTok?

Mtasema kuna vituo vya watu binafsi. Viko, na vingine vinaongea Kikamba kitamu kuliko changu. Lakini kituo cha biashara kinaenda penye matangazo yako. Hakuna kampuni ya kamari inalipia dakika ya kueleza mkulima wa ndengu mvua za Oktoba zitaanza lini, na huko kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo watu wanategemea sana. Ukipanda mapema mbegu inakauka. Ukichelewa, mvua imekuacha. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ni mlo, si stori ya kujaza muda kabla ya wimbo.

Hapa ndipo najua mtaniruka: si hiyo redio ni ya serikali? Si ni ile ya kusoma Rais amefungua nini? Sawa. Hiyo lawama haikuanguka kutoka mbinguni. Serikali ilichukua utangazaji 1964 ikauita Sauti ya Kenya, na enzi za chama kimoja habari zilianza na Mtukufu Rais hata kama alichofanya siku hiyo ni kwenda kanisani. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali walikimbilia studio, wakamchukua Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeanguka. Wenye bunduki hawakuwa na shaka redio ina nguvu. Ni sisi wenye bando ndio tuna shaka.

Na msidhani hiyo ni historia ya wazee. Tarehe 25 Juni 2025, maandamano yakiendelea, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru redio na runinga zote ziache kupeperusha moja kwa moja. Baadhi ya vituo vikazimiwa mitambo. Ikabidi Mahakama Kuu isimamishe amri hiyo. Kitu haina watu, nani angehangaika kuizima?

Sasa fungua Katiba ya 2010, kifungu cha 34. Inasema chombo cha habari cha serikali kina uhuru wa kuamua chenyewe kitatangaza nini, kisipendelee upande, na kitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wanaopinga. Soma tena hiyo ya wanaopinga. Kituo cha binafsi ukikilalamikia, mwenyewe atakuambia uende kwa kingine. Hiki kingine unaweza kukishika shati ukiwa na Katiba mkononi. Lakini sheria inayounda KBC ni ya wakati wa chama kimoja, na mwenyekiti wa bodi bado anateuliwa na Rais. Hiyo ndiyo kesi yangu. Bodi ipatikane kwa njia ya wazi, watu wakihojiwa mbele yetu. Pesa ya redio ipitishwe na Bunge kwa miaka kadhaa pamoja, isiwe kitu ya kuombwa kila mwaka kwa magoti. Na laini ya studio iwe ya bure, bana, ama kipaza sauti kiletwe soko la Nuu siku ya soko. Mtaona kama watu hawana la kusema.

Nyinyi mnaosema ifungwe, mnamfanyia kazi nani? Redio ikifa, waziri hapotezi kitu. Yeye ana gari ya kuja kutuambia anachotaka, na hakuna wa kumuuliza imeshuka wapi.

Usiku kabla ya kulala susu alitoa mawe ya redio ili asubuhi ayaanike juani, yavute siku mbili zaidi. Ameniagiza nirudi Oktoba na manne mapya, yale makubwa, si ya bei rahisi. Yakimzimikia katikati ya utabiri, ndengu nitapanda mimi.