Vipande vya Leso na Birika la Maji



Juma lililopita sikuonekana katika ukurasa huu, na wako walioniuliza. Nilikuwa safarini Malava, huko Kakamega, ambako binti yangu ameolewa. Alikuwa ametimiza arubaini yake, nami nikaenda kumwona yeye na mjukuu, mtoto wa kike, Mwenyezi Mungu amkuze.

Atokaye Mombasa kwenda huko hujiona ameingia nchi nyingine: miwa kila upande, udongo mwekundu, msitu kando ya barabara iendayo Webuye, na mvua ya alasiri isiyokosa miadi. Nyumba ya mkwe wangu haina bomba. Maji ya kunywa huteka chemchemini, bondeni, na kuyapandisha kilima kwa madumu ya lita 20. Ya kufulia huyakinga paani mvua inyeshapo. Nayataja haya kwa kuwa ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Usiku wa pili binti yangu aliniuliza kwa haya: "Baba, mtoto akijisaidia mimi humpangusa kwa waipsi, nikamfunga nepi nyingine. Nikimweka chini hulia, basi huswali naye mbelekoni. Swala yangu yasihi?"

Waipsi, kwa wazee wasiozijua, ni vile vitambaa laini vyenye umajimaji na manukato, vinavyouzwa katika pakiti, hutumiwa mara moja kikatupwa. Mama wengi siku hizi hawatoki nyumbani bila hivyo, nami siwalaumu.

Nilimwambia kwanza kwamba kumbeba mtoto ndani ya swala hakuna ubaya. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, aliswali naye amembeba Umama, binti wa bintiye Zainab. Akisujudu humweka chini, akisimama humwinua. Jambo la kutazamwa ni kile kilichobaki katika ngozi ya mtoto. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, najisi huondolewa kwa maji halisi. Umajimaji wa waipsi umechanganywa na sabuni, mafuta na manukato, wala hautiririki. Huondoa kinachoonekana na kuyatandaza mabaki. Ruhusa ya kustanji kwa jiwe nayo hutaka kitu kikavu, na ni ruhusa ya mwenyewe aliyejisaidia, si ya yule ambebaye. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wana wasaa katika kuondoa najisi kwa kimiminika kingine kilicho safi, lakini binti yangu aliniuliza juu ya madhehebu aliyosomeshwa.

Mtoto wa kiume ambaye bado hula maziwa tu ana hukumu nyepesi katika mkojo: hunyunyiziwa maji yakaenea mahali pale, kama alivyofanya Mtume mwana mchanga wa Ummu Qays alipomkojolea nguoni. Wa kike huoshwa. Ama choo, wote wawili ni sawa.

Kuhusu swala zilizopita sikumtia uzito. Wako maulamaa wakubwa wasiomlazimisha kurudia mtu aliyeswali naye hajui.

Akanyamaza, kisha akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Na maji ya kumwosha mara nane kwa siku niyapate wapi, Baba? Nimwache mtoto nishuke mtoni?" Sisi tunaosomesha mlango wa twahara tumekaa karibu na mfereji wa msikiti mara nyingi husahau kwamba maji yana mtu aliyeyabeba.

Aliyejibu alikuwa mzaa chema, mama wa mkwe wangu, aliyekuwa akipeta mahindi pembeni. Hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na birika la maji ya uvuguvugu, beseni, na vipande vya shuka kuukuu. Mtoto alipochafuka, kwanza alimfuta kwa kipande kikavu, kutoka mbele kwenda nyuma, choo kikaondoka karibu chote. Kisha akamwinamisha juu ya beseni na kumwagia maji kidogo kidogo, mkono mmoja ukiosha. Mwisho akamkausha kwa kipande kingine. Nilitazama birika: lilikuwa bado na maji. Kwa kukisia kwangu hakutumia hata lita moja. Nikakumbuka kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu.

Siri yote ni kile kipande kikavu cha mwanzo. Anayeanza na maji huhitaji ndoo. Anayeanza na kitambaa kikavu hutosheka na birika.

Ufuaji nao una fiqhi yake, na hapa ndipo wengi huteleza. Usikitumbukize kitambaa chenye choo ndani ya ndoo ukadhani kimetwaharika. Maji yasiyofika kulateni, nazo ni zaidi ya lita 200, hunajisika kwa kuingiwa na najisi. Kung'uta choo chooni, sugua mpaka doa liishe, kisha kimwagie maji safi kwa juu yapite. Baada ya hapo chemsha, anika juani. Malava jua si la kutegemea, kwa hiyo mzaa chema hupiga pasi ya makaa kila kipande, hata kilichokauka, maana wako inzi hutaga mayai katika nguo mbichi na funza wake huingia ngozini. Pasi huyaua.

Wengine hutengeneza waipsi zao nyumbani: huchanganya maji, sabuni na mafuta, wakaroweka vitambaa katika kopo wakakaa navyo wiki nzima. Sishauri. Mchanganyiko usio na dawa ya kuzuia kuoza huota vijidudu upesi. Maji matupu ya siku hiyo yatosha, na choo kikigandamana, tone la mafuta ya nazi. Udi na marashi muachieni mama.

Za dukani zina dawa hizo, na dawa zenyewe zina maneno. Mojawapo, ifupishwayo MI, Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa, waipsi zikiwemo, kwa kuwa ilikuwa ikiwaletea watu mzio wa ngozi. Mjukuu wangu alikuwa na upele mapajani. Sisemi ulitokana na waipsi, mimi si daktari. Anayeona upele usiopoa ampeleke mtoto zahanati.

Kisha kuna takataka. Nyingi ya waipsi zina nyuzi za plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tukashukuru, lakini hii imebaki mikononi mwetu kwa sura ya kitambaa. Kule hutupwa katika choo cha shimo, ambamo haiozi, na shimo hujaa kabla ya wakati wake. Au huchomwa nyuma ya jiko, na moshi huingia alipolala mtoto.

Safarini ni jambo jingine. Mama aliye ndani ya matatu, mtoto amechafuka, na atumie waipsi, kisha amwoshe afikapo, kabla ya swala.

Niliporudi nilimsimulia mke wangu, akafungua sanduku lake. Leso iliyofuliwa miaka ni laini kuliko kitu chochote cha dukani, na hunywa maji. Mpya bado ina wanga. Leso moja hutoa vipande 24 vya shibiri moja na ushei, jozi hutoa 48. Akatoa jozi mbili. Moja ilikuwa na jina la Mwenyezi Mungu katika maandishi yake, basi akaukata ukanda ule kwanza, akaukunja na kuurudisha sandukuni. Vilivyobaki viko cherehanini vinapindwa kingo, na Alhamisi vitapanda basi la Kakamega, inshallah.