Malenga Tusimshangilie Harry Lime

Malenga wenzangu, kila inapotajwa filamu ya The Third Man ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Carol Reed kwa mswada wa Graham Greene, hakosi mtu wa kuikariri hotuba ya Harry Lime na kuishangilia kana kwamba ni shairi. Mimi siishangilii.

Mji ni Vienna baada ya vita, magofu matupu, umegawanywa baina ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti. Dawa ni adimu. Lime anauza penisilini ya wizi aliyoichakachua. Watoto wenye homa ya uti wa mgongo wanakufa, na wengine wanaharibika akili. Rafiki yake, Holly Martins, anamkabili wakiwa juu katika gurudumu kubwa la bustani ya Prater. Lime anawatazama watu walio chini, anawaita nukta, na kuuliza nani angehuzunika nukta moja ikikoma kusogea, ilhali kila moja ina bei.

Basi kabla ya dawa, aliichakachua lugha. Mtu akishaitwa nukta, kumuua huwa hesabu tu.

Ndipo inapofuata ile hotuba, aliyoiongeza mwigizaji mwenyewe, Orson Welles: kwamba Italia ya umwagaji damu ilizaa Leonardo na Michelangelo, na Uswisi ya amani ikazaa saa ya ukutani yenye kindege kinacholia. Tamu masikioni, lakini si kweli. Saa hizo sifa yake ni ya Msitu Mweusi, Ujerumani. Na askari wa kukodiwa wa Uswisi wa zama zile waliogopwa Ulaya nzima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtaniambia hayo ni maneno ya mhusika. Naam, na Reed anayajibu. Baadaye Martins anapelekwa hospitalini kwa watoto wale. Hatuonyeshwi mtoto hata mmoja. Twauona uso wake tu akiwatazama, naye hasemi neno. Kimya kile chaizidi hotuba nzima.

Vina na mizani ni vyombo, na hata tapeli huweza kuvishika. Kwa hiyo, ubeti ukikupendeza mno, kwanza uulize: ni nani humu aliyegeuzwa nukta?