Mtoto akisimulia, mzazi asimlishe maneno

Mtoto wa miaka sita anarudi nyumbani akilia kutoka mwaloni Kibirizi, mjini Kigoma. Goti limechubuka, shati limechanika. Kabla hajafuta machozi, mama anauliza: "Nani kakupiga? Ni wale watoto wa jirani, siyo?" Mtoto anaitikia kwa kichwa. Jioni baba naye anauliza hivyo hivyo. Kesho yake habari imekua: walikuwa watatu na mmoja alishika fimbo. Wiki ikiisha mtoto anaisimulia bila kusita, na familia mbili hazisalimiani.

Huenda alipigwa kweli. Huenda pia aliteleza tu kwenye mawe. Shida ni kwamba sasa hata yeye mwenyewe hawezi kutofautisha, na wala hasemi uongo.

Kumbukumbu si video ya simu

Wengi hudhani ubongo hutunza tukio kama simu inavyotunza video: ukiifungua utaikuta vile vile. Sivyo. Mtu anapokumbuka, ubongo hulijenga tukio upya kutokana na vipande vilivyobaki. Penye pengo hujazwa kwa alichokisikia baadaye, alichokizoea au hata kwa swali aliloulizwa.

Mwaka 1974, watafiti wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu fupi ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana". Wengine 50 waliulizwa swali hilo hilo, ila kwa neno kali zaidi, mithili ya "yalipopondana". Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza 7 walisema ndiyo. Katika kundi la neno kali, 16. Filamu ile haikuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Hao ni watu wazima, na lilibadilishwa neno moja tu.

Hata wenye kalamu walipishana

Wakazi wa Ujiji wana mfano wa karibu zaidi. Kumbukumbu iliyojengwa pale inataja 10 Novemba 1871 kuwa siku Henry Morton Stanley alipomkuta Dk David Livingstone. Tarehe hiyo ni ya Stanley. Kwa hesabu ya shajara ya Livingstone, mgeni wake alifika siku za mwisho za Oktoba. Hata jina la kati la mgeni huyo Livingstone aliliandika "Moreland".

Ile salamu maarufu inayosimuliwa kila wanapotajwa wawili hao inatokana na maandishi ya Stanley. Livingstone hakuiandika, na kurasa za siku hiyo katika shajara ya Stanley zilichanwa. Wote wawili walikuwa wameumwa sana safarini, na hesabu ya siku iliwapotea. Ikiwa wasafiri wazoefu, wenye daftari na wino, walipishana kuhusu siku kubwa kama ile, mtoto wa chekechea akikosea saa au rangi ya shati si sababu ya kumwita mwongo.

Kwa nini mtoto huchanganyikiwa haraka

Mtoto mdogo hudhani mzazi anajua kila kitu. Akiulizwa "Ni fulani, siyo?" huona jibu limeshatolewa, kilichobaki ni kukubali. Akiulizwa tena na tena, huhisi jibu la kwanza halikutosha, hivyo huongeza.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Stephen Ceci na wenzake waliwauliza watoto wa shule ya awali nchini Marekani kila wiki, kwa takribani wiki kumi, kuhusu mambo ambayo hayakuwahi kuwatokea. Moja lilikuwa kubanwa kidole na mtego wa panya. Mwishoni zaidi ya nusu walisimulia walau jambo moja kati ya hayo kana kwamba lilitokea.

Hii haina maana kwamba watoto wasiaminiwe. Mtoto akiachwa aeleze kwa maneno yake, mapema na bila kuongozwa, anaweza kutoa maelezo ya kutegemewa sana. Anayeharibu mara nyingi ni muulizaji.

Namna ya kuuliza

Kwanza mzazi amtulize mtoto, amwoshe kidonda, ndipo aulize: "Niambie ilivyokuwa." Kisha anyamaze na kusikiliza. Mtoto akikwama, "Halafu ikawaje?" inatosha. Asitaje jina la mtu ambaye mtoto hajamtaja.

Mtoto akisema "sijui" au "sikumbuki", jibu hilo lipokewe bila fimbo wala ahadi ya pipi. Na asisimulishwe upya mbele ya shangazi, bibi na majirani.

Pale kunapokuwa na dalili za kupigwa vibaya au kuingiliwa kimwili, tahadhari hii ni muhimu zaidi. Mzazi aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, pamoja na tarehe na saa, ampeleke kituo cha afya na kutoa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi mahakamani bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Maneno yake yanaweza kumtia hatiani mkosaji. Lakini yakiwa yamechanganyika na ya mama, ya baba na ya jirani, mtuhumiwa anaweza kuponea hapo hapo, au asiye na hatia akaozea jela. Usiku ule wa kwanza nyumbani, ukimya wa mzazi anayesikiliza humlinda mtoto kuliko maswali kumi.