BARAZANI: Kinga na Kinga Ndipo Moto Uwakapo

Juma hili twataka kunena juu ya moto. Si moto wa jikoni, wala ule uteketezao mashamba wakati wa kiangazi, bali moto mkubwa ambao watu huuwasha kwa pamoja, wakauzunguka na kuongea hata kukacha.

Katika bahari ya Mediterania kuna kisiwa kiitwacho Sardinia, kilicho sehemu ya nchi ya Italia. Usiku wa tarehe 16 Januari, wakati wa baridi kali kwao, watu wa vijiji vingi huwasha mioto mikubwa kwa kumkumbuka Mtakatifu Antonio Abate. Katika kijiji cha Mamoiada sikukuu hiyo huletwa na watu waliovaa ngozi za kondoo na vinyago vyeusi vya mti, na migongoni wamefunga kengele nzito za ng'ombe. Vijana wa huko wana magari na simu kama vijana wetu, lakini siku hiyo ikifika huja motoni.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hufanya Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili magomvi ya mwaka uliopita yaishe, kisha kibanda hutiwa moto mbele ya watu wote.

Je, sisi wa Ogwedhi, tukaao mpakani ambapo Migori hupakana na Transmara, tuna moto gani? Wajaluo wanao. Afapo mzee mwenye boma, moto huwashwa nje uani, nao huitwa magenga. Hukokwa kwa magogo makubwa, ukawaka usiku kucha, na waombolezaji hukaa kando yake. Ndugu atokaye Nairobi usiku wa manane huuona mwanga kwa mbali, naye hujua kwamba wafiwa hawakuachwa peke yao.

Mwandishi wa safu hii alikaa kwenye moto wa namna hiyo zamani kidogo. Walikuwako ndugu wawili waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kila mmoja alikaa upande wake. Usiku upepo uligeuka, moshi ukamjia mkubwa usoni, akakohoa, akakosa pa kuhamia ila kwenye gogo alilokalia mdogo wake. Wazee walinyamaza, wakajifanya hawakuona. Kulipopambazuka wale wawili walikuwa wakizungumza juu ya karo ya watoto wa marehemu. Kazi hiyo ingeweza kuchukua miezi mingi barazani kwa chifu.

Lakini siku hizi twaona mambo mengine. Kuni hununuliwa, zikaletwa kwa gari. Vipaza sauti hukodiwa, na muziki ukapigwa hata mtu asimsikie jirani yake. Wageni hukaa kwenye viti vya kukodi, mbali na moto, kila mmoja akitazama simu yake. Matanga yakiisha, mjane husalia na deni na majivu. Ndipo wengine husema, "Desturi hii ni mzigo, na iachwe."

Sisi twasema si desturi iliyo mzigo. Mzigo ni kumwachia mfiwa peke yake jambo lililokuwa la wote. Moto wa pamoja ukinunuliwa na mtu mmoja, si wa pamoja tena.

Basi, yafaa tufanye mambo mawili. La kwanza, kila aendaye matangani achukue gogo lake, hata likiwa dogo. Asiye na gogo na alete unga au maji. Karani atokaye mjini asidhani noti aliyoitoa mfukoni yatosha. Na aketi pia, ayasikie ya wazee.

La pili, tupande miti. Miti yetu mingi imekwisha kwa makaa na kwa kukausha tumbaku. Serikali ya Kenya ilianzisha mwezi wa Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitolewa kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande. Hiyo ni kazi njema, lakini mti haungoji sikukuu. Mkulima na apande siala mpakani mwa shamba lake wakati wa masika. Mti huo ni wa nchi hii. Hutoa nguzo na kuni, na ukikatwa vizuri huchipua tena. Mwenye kupanda leo huwatayarishia watoto wake moto wa kuwakusanya.

Wala tusisahau kuwaita watoto waje karibu. Zamani wavulana walifundishwa na wazee kwenye moto wa duol, na wasichana walisikia hadithi kwa bibi katika siwindhe. Mtoto asiyeitwa motoni hawezi kulaumiwa kwa kutojua mambo ya kwao.

Wahenga walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Msomaji, utakapokwenda matangani tena, nenda na kinga yako mkononi.